Sakafu Iliyofagiwa

Kidogo ni kiasi gani? Swali hilo liliniondolea usingizi kiangazi kizima cha 2015, nikiwa Louisville, Marekani, nimelala chali katika chumba nilichopewa na mama mdogo wangu, natazama feni ya dari ikizunguka. Mwongozo wa kazi ulisema kwamba kemikali ikimwagika kidogo, wafanyakazi waliofunzwa wanaweza kuisafisha wenyewe. Ikimwagika nyingi, watu watoke nje na kazi iachiwe zimamoto. Haukusema kidogo kinaishia wapi. Kikombe? Nusu ndoo? Ndoo nzima? Nilikuwa na shahada ya kemia, nilikuwa na kitambulisho kifuani kilichosema mimi ni msaidizi wa usalama, na sikuwa na jibu.

Ghala letu lilihifadhi dawa za mabwawa ya kuogelea. Nyingi ilikuwa klorini ya unga, imefungwa katika ndoo za plastiki zilizopangwa juu ya paleti za mbao mpaka karibu na dari, kila ndoo ikiwa na alama ya njano yenye mwali wa moto juu ya duara. Klorini ile haiwaki yenyewe, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Si kama petroli. Kazi yake ni kuupa moto hewa ya kuvuta. Ikichanganyika na karatasi, mafuta, matambara au vumbi la mbao, inaweza kukaa kimya huku joto likipanda ndani kwa ndani, halafu ikalipuka mwali wakati kila mtu ameshaisahau. Maji machache yanaiamsha: inachemka, inatoa gesi inayochoma macho na mapafu. Maji mengi mno, yale ya mipira ya zimamoto, ndiyo yanayoituliza.

Jaribu kumweleza hivyo mtu aliyetoka tu kupakia maboksi tangu asubuhi.

Nilijaribu. Wiki ya tatu kazini, msimamizi wetu, mzaliwa wa Louisville, mtu mnene mwenye huruma na haraka, aliniambia niwafundishe wenzetu kwa Kiswahili, kwa kuwa karibu zamu nzima ilikuwa watu wa Kivu. Tulikaa kwenye chumba cha chakula, kimejaa harufu ya sombe, majani ya muhogo yaliyopashwa moto. Mama mdogo alikaa mbele kabisa, mikono juu ya mapaja, kama yuko kanisani.

"Unga ukimwagika, msiweke maji," nilisema. "Moto ukiwaka, zimamoto wataweka maji mengi."

Dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia paleti, kijana mrefu kutoka milima ya Kivu ya Kusini, aliinua mkono. Alikuwa amenibatiza Universite, yaani Chuo Kikuu, tangu siku ya kwanza. "Universite, sasa maji ni mabaya ao ni mazuri?"

"Kidogo ni mabaya. Mengi ni mazuri."

"Bon. Na kidogo ni kiasi gani?"

Watu wakacheka. Nikaanza kupekua mwongozo.

"Mwache binti aseme, donc!" mama mdogo akageuka kwa ukali. "Amesoma. Wewe umesoma nini? Umesoma usukani."

Wakacheka zaidi. Nikasema, "Mkiwa na mashaka, niiteni." Lilikuwa jibu la mtu anayetaka mashaka yake yawe siri ya kazi.

Mama mdogo ndiye aliyenitafutia kazi ile. Baba na mama waliishi Buffalo, upande wa kaskazini wa mji, kwenye nyumba za mbao zenye vibaraza, na huko ndiko nilikosomea. Baba alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Kila jioni alipiga simu. Alikuwa amesikia kwamba maabara moja ya kupima maji pale Buffalo ilitafuta mtu kama mimi.

"Hapa kuna baridi, ndiyo," alisema. "Lakini baridi hailipuki."

"Hakuna kinacholipuka, baba."

"Basi wanakulipa usalama wa nini?"

Nilicheka, kisha nikakaa macho. Kilichokuwa kikinisumbua hakikuwa mwili wangu. Meza ya mama mdogo ya kufungia maboksi ilitazamana na safu ya ndoo zile zenye alama ya njano, hatua chache tu kati yake. Na mama mdogo alikuwa na tabia moja ambayo sikuweza kuiondoa kichwani.

Alikuwa hafagii pakavu. Kwetu mtu hafagii pakavu. Kule Uvira, msichana akichukua ufagio bila kunyunyiza maji kwanza, majirani wanauliza amelelewa na nani, maana vumbi litapanda kwenye nyuso za watu na kwenye sufuria zao. Mama mdogo alilelewa vizuri. Alikuwa na chupa ya plastiki, kifuniko kimetobolewa kwa sindano ya moto, na kila mwisho wa zamu alipita akinyunyiza mbele yake kwa mkono mwepesi, shwa, shwa, halafu akafagia nyuma yake. Watu wa zamu iliyofuata walikuta sakafu inang'aa. Msimamizi alimsifu mbele ya wote. Nilimwambia mara nyingi kwamba upande wa ndoo asinyunyize.

"Upande ule sinyunyizi," alinijibu.

"Hata unga ukimwagika?"

"Ukimwagika nitakuita. Nimesikia, mama. Lala sasa."

Sikulala.

Mwezi wa saba, tawi la kampuni lililokuwa Columbus lilipata moto. Haukuwa mkubwa. Pipa moja la taka liliwaka, likaunguza paleti mbili, mfanyakazi mmoja akaungua mkono. Mfanyakazi huyo alikuwa Mrundi, na wakubwa walitaka mtu wa kuongea naye kwa lugha yake. Kirundi sikukijua, lakini Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nikapandishwa basi kwenda Columbus.

Nilianzia ghalani. Kapteni wa zimamoto, mwanamke mwenye mvi fupi, alikuwa amerudi kukagua. Alinionyesha sakafu nyeusi mahali pipa liliposimama. Alisema vijana wa pale walikimbilia vizimamoto vya mkononi, vile vyekundu vya ukutani, wakavimaliza vyote, na moto ukaendelea. Vizimamoto vile vinafanya kazi kwa kuunyima moto hewa, akasema, na moto huu ulikuwa umejiletea hewa yake. Yeye na watu wake walisimama mbali, upande upepo unakotoka, wakafungua maji kwa wingi mpaka ukakata tamaa.

Nikamuuliza. Niliona aibu, lakini nikamuuliza: kidogo ni kiasi gani?

Alinitazama kama anayetafuta maneno ya kumfaa mgeni. Akasema yeye hapimi kwa wingi. Anauliza mambo mawili: umechanganyika na nini, na unaweza kuuona wote? Unga ulio peke yake, mkavu, sakafuni mbele ya macho yako, unaweza kuuzoa kwa koleo safi la plastiki ukautia kwenye chombo safi kikavu. Ukishaingia mahali pamoja na takataka, hata kiganja kimoja, umekuwa mali ya zimamoto. Usiuguse. Usiusogeze. Toka, uniite.

Niliandika maneno hayo kichwani njia nzima kwenye basi la barabara ya Morse Road. Nikashuka karibu na duka lenye samaki wakavu na majani ya muhogo yaliyogandishwa, maana Mrundi yule alikaa kwenye fleti za nyuma yake. Mlango ulifunguliwa na binti yake mdogo, nikamsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, akarudi kwenye televisheni.

Baba yake alikuwa kwenye kochi, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Hakuwa na nyusi.

"Karibu, mwanangu. Usiniangalie hivyo. Nyusi zimekwenda likizo, zitarudi."

Mke wake akaleta chai. "Mwulize alikuwa anafagia nini," akaniambia. "Hapa nyumbani ufagio haujui."

"Nilifagia vizuri sana," yule mzee akasema, akiinua mkono mzima. "Ndoo ilipasuka, unga ukamwagika. Nikanyunyiza maji vumbi lisiwaumize wenzangu. Nikafagia, nikatia kwenye pipa, nikafunika. Hata wewe ungenisifu. Nikaenda kula. Niliporudi, pipa lina joto kama chungu. Nikasema nilitoe nje lisitusumbue. Nilipolishika tu, likafungua mdomo."

"Kwa nini hukumwita msimamizi mwanzoni?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nimemwaga mimi. Nimwite mtu aje aone uchafu wangu? Zimamoto waje, wageni na magari yao, wakute pamechafuka?" Akatikisa kichwa. "Mwanangu, hata nyumba ikiungua, kwanza unaficha vyombo vichafu."

Mke wake akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshika kikombe changu na namwona mama mdogo, waziwazi, na chupa yake.

Nilirudi Louisville na mpango. Niliwafundisha upya kwenye chumba kilekile cha chakula. Safari hii sikutaja hewa wala kemia. Nikasema: unga ukimwagika, kuuacha pale ulipo ndiyo adabu. Anayefagia anawaumiza wenzake. Wakaitikia kwa vichwa. Dereva wa foklifti akasema, "Kwa hiyo mvivu ndiye shujaa? Mimi niko tayari." Wakacheka, nikacheka nao, nikajipa moyo. Nikanunua makoleo ya plastiki na ndoo tupu zenye vifuniko, nikavitundika mwisho wa safu.

Lakini kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelitaja mbele yangu. Mwezi uliotangulia, mtu alisahau bisi kwenye maikrowevu, kengele ya moto ikalia, ghala zima likatoka kusimama mvuani. Walirudishwa nyumbani mchana ule bila malipo ya saa zilizobaki. Siku kadhaa wakawa wanamwita yule mtu Jenerali Bisi. Na ilinong'onwa kwamba kazi ikisimamasimama Louisville, wakubwa watahamishia kazi yote Columbus. Kwa hiyo kila mtu aliyeikazia macho kengele ile nyekundu kando ya mlango alijua ina gharama gani. Na mimi nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi.

Ilikuwa Ijumaa ya Agosti, baada ya chakula cha mchana. Joto la Louisville mwezi huo linakulalia mgongoni kama mtoto mgonjwa, na ndani ya ghala lilikuwa zaidi. Nilikuwa upande wa pili, kwenye mlango wa kupakulia, nakagua lori. Niliporudi kupitia safu ya ndoo, nilinusa harufu ya bwawa la kuogelea.

Sakafu ilikuwa safi. Ilikuwa imelowa kidogo na inang'aa, kipande kikubwa kuliko mkeka wa kulalia. Mama mdogo alikuwa kwenye meza yake, anabandika utepe kwenye boksi bila kuniangalia. Dereva wa foklifti alikuwa amesimama kando ya mashine yake, anafuta mikono kwa kitambaa.

"Nini kimemwagika hapa?"

"Kimekwisha," mama mdogo akasema.

"Nini kilikuwa?"

Dereva akakohoa. "Uma wa foklifti uligusa ndoo. Kidogo tu. Tundu kama la kidole."

"Mbona hamkuniita?"

"Ulikuwa na lori," mama mdogo akasema. "Na msimamizi anapita sasa hivi na wageni wa ofisi kuu. Akute pako vile? Mimi nilichota na lile koleo lako, njo vile ulisema. Ile iliyobaki tu ndiyo nilifagia."

"Ulinyunyiza maji?"

"Si maji. Kunyunyiza tu, vumbi lisipande."

"Mama mdogo, ule uliofagia uliutia wapi?"

Akaelekeza kwa midomo. Pipa la taka la kijivu lilikuwa pembeni ya nguzo, limefunikwa. Nyuma yake, hatua chache, zilianza paleti za ndoo za njano.

Nililijua pipa lile. Asubuhi niliona matambara ya foklifti yenye mafuta yakitupwa humo, pamoja na vipande vya maboksi na mifuko ya chakula. Nikalisogelea. Halikuwa na moshi. Halikuwa na sauti. Nikaweka nyuma ya kiganja karibu na ubavu wake.

Lilikuwa la moto? Lilikuwa la uvuguvugu. Lakini ghala lote lilikuwa la uvuguvugu. Nikaenda kwenye pipa la pili, mwisho wa safu, nikaweka kiganja. Uvuguvugu. Nikarudi la kwanza. Zaidi kidogo? Au ilikuwa damu yangu mwenyewe? Nikarudi la pili.

"Universite," dereva akaniita, "uko unapima pipa homa?"

Mtu wa meza ya jirani akacheka. Nikarudi la kwanza kwa mara ya tatu, na safari hii nikaona kifuniko kimekuwa na jasho upande wa ndani, kupitia plastiki ile nyembamba. Harufu ilikuwa kali zaidi pale. Macho yangu yakaanza kuwasha, na sikuweza kujua kama ni gesi au ni kwamba nilikuwa karibu kulia.

Nitaeleza nilichofikiri, kwa sababu nilifikiri mambo mengi mno. Nilifikiri: ni matone machache tu. Nilifikiri: Mrundi yule naye alinyunyiza tu. Nilifikiri juu ya wageni wa ofisi kuu, na jinsi watakavyoniona, msichana aliyefunga ghala kwa sababu ya pipa vuguvugu mwezi wa Agosti. Nilimwona mama mdogo akipoteza mchana wake, na wenzake wakimtazama yeye, si mimi, maana ni yeye aliyefagia. Nilifikiri labda nifungue kifuniko nione. Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka.

Umechanganyika na nini, na unaweza kuuona wote?

Nikaushusha mkono.

"Nilitoe nje?" dereva akauliza. Hakuwa anatania tena. Alikuwa ameuona uso wangu. "Nalinyanyua na mashine, dakika moja tu."

"Usiliguse. Zima mashine. Ondoka hapo."

Msimamizi akatokea mwanzoni mwa safu na wageni wawili wenye mashati meupe. Nikamwendea haraka nikamweleza kwa Kiingereza, maneno yakigongana. Akatazama juu ya bega langu. Aliona sakafu inayong'aa, watu kazini, pipa limefunikwa. Akasema kwa upole kwamba haoni kitu. Akasema tungoje ampigie simu meneja, halafu tuamue. Akatoa simu.

Nilimpita. Kengele ilikuwa kando ya mlango. Nikavuta mpini wa kengele chini.

Sauti ile inaingia mpaka kwenye meno. Watu waliinua vichwa, na nyuso nyingi zikasema neno moja: bisi. Nikakimbia kando ya meza nikipiga makofi. "Tokeni! Mlango wa mbele! Msichukue kitu!" Mama mdogo akainama kutafuta mkoba wake chini ya meza.

"Acha mkoba!"

"Funguo ziko ndani, na dawa yangu ya presha..."

Nikamshika mkono, juu ya kiwiko, nikamvuta. Mtoto kwetu hamvuti mama yake mdogo mbele za watu. Alinitazama kama nimempiga. Sikumwachia mpaka tulipokuwa kwenye jua.

Nje, watu walikwenda penye kivuli, chini ya ukuta wa mashariki. Nikatazama bendera iliyokuwa mbele ya ofisi. Upepo ulitoka mtoni, ulikuwa unapuliza kuelekea kivuli kile. Nikawahamisha wote, na kunung'unika kwao, mpaka upande wa pili wa maegesho, kwenye lami inayochoma. Nikapiga simu ya dharura. Nikasema klorini ya unga, imechanganyika na matambara ya mafuta na karatasi, iko kwenye pipa, karibu na shehena. Watu wote wametoka. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Kisha hakuna kilichotokea.

Hilo ndilo nililokuwa sijajiandaa nalo. Kengele ikanyamazishwa. Ghala likakaa pale, limetulia, milango wazi, halina hata uzi wa moshi. Jua likatupiga. Mtu akasema, "Jenerali Pipa," na kicheko kikapita kwenye kundi zima. Mama mdogo hakucheka. Alisimama mbali nami kidogo, akisugua mkono pale nilipomshika.

Msimamizi alikuwa kwenye simu, akitembea huku na huku. Mmoja wa wageni alimnong'oneza kitu. Hatimaye akaja kwetu, uso mwekundu. Akasema meneja ameamua: ni tahadhari iliyopita kiasi, turudi ndani, zimamoto wakija atawaeleza yeye. Hakunitazama. Watu hawakuhitaji tafsiri, mkono wake ulioelekeza mlango ulitosha. Wakaanza kuokota chupa zao za maji. Wa kwanza akaanza kuvuka maegesho.

Kengele niliivuta kabla nafsi yangu haijapata muda wa kubishana. Hapa nilikuwa na muda wote. Nilikuwa na muda wa kuhesabu kila sababu ya kunyamaza, na zote zilikuwa nzuri. Meneja ameamua. Msimamizi ni mtu mwema. Mimi ni wa majaribio. Labda pipa limeshapoa. Labda halikuwahi kuwa na joto. Sikuwa na uhakika. Nikasubiri uhakika uje, kama nilivyousubiri kila usiku chini ya feni ile, na nikaona kwamba hautakuja, na kwamba watu watakuwa wamefika mlangoni kabla yake.

Nikaenda nikasimama kwenye njia kati ya maegesho na ghala.

"Hakuna anayeingia," nilisema kwa Kiswahili.

Wakasimama. Walikuwa watu wa umri wa wazazi wangu, na wengine zaidi.

"Bosi amesema," mzee mmoja akasema.

"Bosi hajui kilichomo. Mimi najua. Kama nimekosea, nitafukuzwa kazi mimi, leo hii, na mtanicheka mpaka Krismasi. Lakini hampiti."

"Na saa zetu?" mtu akapaza sauti.

"Sijui juu ya saa zenu. Siwezi kuwadanganya. Hampiti."

Nikageuka kwa msimamizi nikamwambia vilevile kwa Kiingereza, maneno machache, na nikaongeza kwamba yeye pia asiingie. Akafungua mdomo. Nikawageukia tena watu wa zamu.

Mama mdogo akatoka kwenye kundi. Alikuja moja kwa moja, na nilijua kama atanisukuma nitampisha, maana sikuwa na nguvu za kumshika mara ya pili. Akafika mbele yangu, akanitazama machoni, kisha akanipa mgongo, akawatazama wenzake.

"Mimi ndiyo nilifagia," akasema. "Niliweka maji. Niliambiwa nisiweke, nikaweka. Minaogopa lile pipa. Anayetaka kuingia, aingie. Mimi nakaa."

Akakaa. Alikaa palepale kwenye lami ya moto, miguu imenyooshwa, kitenge chake kimefunika magoti, kama mtu aliyefika msibani. Dereva wa foklifti akamtazama, akatupa chini kitambaa chake, akakaa karibu naye. Kisha mama mwingine. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, na njia ikajaa.

Tulisikia ving'ora kwanza, mbali, upande wa barabara kuu. Halafu ndani ya ghala kukatoka mlio mzito, kama mtu ameangusha gunia la mchele kutoka juu, na baada yake mwanga mweupe kwenye madirisha ya juu, na moshi wenye rangi ya ugonjwa ukaanza kutambaa kutoka kwenye milango, ukaelekea mashariki, ukapita juu ya kivuli pale walipotaka kusimama mwanzoni. Mama mdogo aliinua kona ya kitenge akaziba pua, ingawa upepo ulikuwa wetu.

Msimamizi aliweka simu mfukoni. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

Gari la kwanza la zimamoto likaingia langoni. Mtu akaruka chini akauliza kwa sauti kubwa nani anajua kilichomo. Msimamizi akanielekeza. Nikaenda, nikamwambia kila kitu: ni nini, kiko safu gani, kimechanganyika na nini, kina nini nyuma yake, kwamba watu wote wako nje, kwamba wasitumie vizimamoto vya mkononi. Akauliza kama nina uhakika hakuna mtu ndani.

"Hakuna," nilisema. "Niliwazuia."

Akaitikia kwa kichwa, akawaita watu wake waanze kuvuta mipira. Nami nikarudi kwa watu wangu, nikawaambia wanyanyuke taratibu, wanifuate, twende mbali zaidi.